Hukumu Niliyoibeba Darasani

Wenzangu walisoma shahada ile ya uzamili ili wapande cheo. Wengine walisoma ili wakistaafu wapate pa kufundisha. Mimi nilisoma kwa ajili ya mtu mmoja, na asiniambie mtu kwamba hiyo si sababu.

Kozi ilipoanza, masomo ya majaji na mahakimu walio kazini, walimu wanatufuata Shinyanga mwisho wa wiki, niliipuuza. Nilikuwa hakimu Geita, mafaili yamenifika shingoni, kesi za wizi wa mawe ya dhahabu haziishi, na nyumbani mama anaumwa magoti. Shahada ya nini tena? Mwaka uliofuata dereva wetu wa mahakama akaniambia, katika kupiga soga tu, kwamba jaji fulani naye kajiandikisha. Akamtaja. Nikamwambia asimamishe gari. Maskini alidhani nataka kutapika.

Jina lile nililijua tangu utotoni. Baba alipofariki alituachia shamba upande wa Rwamgasa, alilopewa na baba yake mwaka aliomuoa mama. Mama alililima mihogo na mahindi, tukala, tukavaa. Siku wachimbaji walipopata dhahabu pembeni ya lile shamba, baba mdogo, ambaye hata palizi moja hakuwahi kupalilia pale, akakumbuka ghafla kuwa shamba ni lake na kaka yake aliazimwa tu. Enzi hizo mabaraza ya ardhi yalikuwa bado, kesi za mashamba zinakwenda kwa mahakimu. Hakimu tuliyempata alikuwa kijana, mgeni wa mkoa, suti imempwaya.

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na sare yangu ya shule. Hakimu akamuuliza mama, "Shamba hili mlipewa na nani?"

"Na baba wa mume wangu."

"Jina lake?"

"Ni yule mwenye mji."

"Mama, nimekuuliza jina."

Mama akanyamaza. Kwetu Usukumani mwanamke hamtaji mkwe wake kwa jina. Hamtaji akiwa hai, hamtaji akiwa kaburini, na ukimlazimisha amtaje mbele za watu umemvua nguo. Karani alikuwa Msukuma, alilijua hilo vizuri sana, akainamia karatasi zake. Nani amfundishe mheshimiwa? Hakimu akaandika kwamba hakujibu. Akauliza tena, mama akatazama sakafu, hakimu akaandika tena. Baba mdogo alipopanda kizimbani akalitamka jina la baba yake kwa sauti kama anaita punda.

Siku ya hukumu hakimu alisoma Kiingereza, karani akatufasiria: shahidi alikwepa swali jepesi, hamjui hata aliyempa shamba, mahakama imemuona muongo. Tukapoteza shamba. Baba mdogo akaweka maduara, visima vya kuchimbia dhahabu, pale mama alipokuwa anapanda mihogo, akajenga gesti, akanenepa, akafa na unene wake. Shamba lenyewe leo ni mashimo matupu.

Lakini mama hakulilia shamba kama nilivyodhani. Tulihamia Masumbwe, akawa anauza mahindi sokoni, na neno likatufuata huko. Mnunuzi anashika debe, analitikisa, anawageukia wenzake: "Hili limejaa kweli, au ni la mahakamani?" Soko zima linacheka. Mama naye anacheka nao, anapima. Usiku mmoja aliniambia angependa kabla hajafa asikie msomi mmoja tu akisema kuwa yeye hakusema uongo. Ndipo nilipoamua kusoma sheria. Usinisifie, nilikuwa nimejaa chuki tu.

Basi nikajiandikisha. Darasa la waheshimiwa ni kichekesho chake. Watu walikuwa wanaviziana viti vya mbele kufuata vyeo. Majaji waliowanyima wananchi ahirisho hata la msiba walikuwa wanamwomba mwalimu ahirisho la zoezi, eti mtandao ulikuwa chini. Yeye, hakimu wetu wa zamani, alikaa mbele kabisa, mvi zimempendeza, suti sasa inamkaa. Mpole, ananunulia watu chai. Jumamosi ya kwanza alinivutia kiti. "Karibu, mheshimiwa." Nikakaa, nikanywa chai yake, nikala na mandazi yake.

Muhula wa pili tulikuwa na somo la kupima ushahidi. Mwalimu, bibi mmoja mkali asiyejali cheo cha mtu, akaweka utaratibu: kila mmoja alete hukumu aipendayo au aichukiayo, afute majina yote, ya wadaawa na ya hakimu, darasa liichambue bila kumwaibisha mtu. Aah! Nilirudi Geita naimba njia nzima. Hukumu ya mama nilikuwa nayo tangu nilipoajiriwa. Nikaitafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno, nisiongeze chumvi, nikafuta majina, nikatoa nakala za kutosha.

Niliisoma mbele ya darasa mwenyewe. Mwalimu akauliza kasoro iko wapi. Watu wakaanza kujiumauma kuhusu mzigo wa kuthibitisha. Yeye akanyoosha mkono. Nilikuwa nimejiandaa aitambue, ajikunyate pale kwenye kiti. Hakuitambua hata kidogo! Hukumu iliyotuhamisha, kwake ilikuwa karatasi kama karatasi nyingine.

"Hakimu huyu alikuwa mvivu," alisema, na alisema kwa uchungu wa kweli. "Mke wangu ni wa huku huku. Tumezeeka pamoja, na hadi leo hajawahi kutamka jina la marehemu baba yangu. Huyu mama hakukwepa swali. Alikuwa anamheshimu mkwe wake. Hakimu alitakiwa kuuliza swali moja dogo, mama, kwa nini hujibu? Hakuuliza. Akamwita muongo." Akageukia darasa, ameshanogewa. "Ningekuwa mimi kwenye rufaa, wallahi hakimu huyu ningemrudisha darasani."

Watu wakacheka, wakampigia makofi.

"Mheshimiwa," nikasema, "ameshajirudisha mwenyewe. Amekaa kiti cha mbele."

Kicheko kiliisha. Akaitazama ile karatasi, akaifunua, akairudia. Nikamwambia mwaka, nikamwambia mahakama, nikamwambia na lile jina ambalo mama hakuweza kulitamka, maana mimi ni mjukuu na naweza. "Na huyo muongo wako ni mama yangu mzazi." Mwalimu akavua miwani. Mimi sikulia, nilisikia raha. Kama kuna anayetaka niseme niliona aibu kumuumbua mtu mzima mbele ya wenzake, atasubiri sana.

Tulipotoka alinifuata kwenye gari. "Nifanye nini, mwanangu?"

"Usiniite mwanangu. Na mimi si mlalamikaji. Mlalamikaji ni mama."

Nilimsimulia mama yote, neno kwa neno. Alinisikiliza huku anachambua maharage. Akauliza, "Alisema hivyo mbele za watu?" Nikasema ndiyo. "Wangapi wa Masumbwe walikuwepo?"

Siku ya mahafali nilimvalisha kitenge kipya nikampeleka Shinyanga. Nilikodi na kibasi kidogo kikaleta wanawake wa sokoni, hasa wale wa debe. Walidhani nawapenda. Niliwaweka kivulini karibu na mama na soda zao, nikasubiri, maana nilijua jaji atakuja. Alikuja, na joho lake, na mke wake nyuma yake. Akawasalimia wale wanawake, akajitambulisha kuwa ni jaji, na kwamba zamani alikuwa hakimu Geita na alimdhulumu mama huyu. "Hakusema uongo," alisema kwa sauti ya kusikika. "Aliyekosea ni mimi." Mke wake akawafasiria kwa Kisukuma wale ambao Kiswahili kinawapiga chenga. Soda zilisimama mikononi.

Kisha akainama mbele ya mama yangu, mzee mzima na joho lake likigusa vumbi. "Shikamoo, mama."

Mama akatazama chini, vile vile nilivyomuona akitazama sakafu ya mahakama. Jaji akarudia, "Shikamoo, mama." Mama akashika chupa yake ya soda kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akairudisha mapajani. Yule bwana akabaki ameinama, hajui ainuke au asubiri, hadi mke wake alipomgusa bega.

Njiani kurudi nilishindwa kujizuia. "Mama, mtu mzima kakupa shikamoo mara mbili. Mbona hukuitikia?"

Alikuwa amevua viatu, anajikanda magoti.

"Na hiyo aandike," alisema.