Goti la Kushukia

Nyumba yetu pale Nyabiondo ilikuwa katikati ya mlima. Juu kulikuwa na kanisa na mahali pa kunywea kasiksi, ile pombe ya ndizi. Chini kulikuwa na shamba letu la maharagwe. Mume wangu alikuwa amepelekwa Itebero kubeba mizigo ya wazungu. Aliporudi akasema ameteleza juu ya gogo msituni, na goti likalia ko! Baada ya wiki chache hata uvimbe haukuonekana. Lakini goti lile lilikuwa na akili ya ajabu: kupanda lilipanda, kushuka lilikataa. Kwa Mungu na kwa pombe linakwenda, kwenye jembe linauma. Mimi si mjinga.

Nililima peke yangu, mtoto mgongoni. Wanawake wa shamba la jirani wakanitania, "Bwana yako iko mugonjwa ya jembe!" Nikacheka nao, huku ndani ninachemka. Njia ya mwongo ni fupi, nikajiambia, nitamwona akifika mwisho wake.

Alasiri moja nilijificha kwenye migomba nimvizie akitoka juu. Alishuka kinyumenyume, uso ameuelekeza mlimani, ameshikilia majani, hatua kwa hatua. Nikaona nimemkamata: amelewa hata hajui mbele ni wapi. Kesho yake nilituma habari kwetu Lushebere, kaka zangu waje wanichukue. Ndoa nilikuwa nimeichoka.

Walikuja wawili. Baba mkwe akachinja mbuzi, maana kwetu maneno ya ndoa hayasemwi na wageni wenye njaa. Akamwita na mama mzee wa jirani, aliyekuwa akiunga mifupa ya watu wa mlima ule. Yule mama alichukua mguu wa nyuma wa mbuzi, akaupasua gotini, akaniita. Nilijua mume wangu na baba yake wamekwisha kupanga naye, nikaenda shingo upande.

Aliondoa pia ya goti, kile kifupa cha mbele. Nikaona vipande viwili vyeupe vya gegedu, vimepinda kama mwezi mchanga, na mfupa wa paja umevikalia. Katikati kulikuwa na kamba mbili fupi zilizopishana.

"Vuta muundi," akaniambia. Nikavuta ule mfupa wa chini ya goti, haukusogea. Akakata kamba moja. "Vuta tena." Mfupa ukanijia.

"Kupanda, nyama ya paja njo inabeba muntu," akasema. "Kushuka, iyi kamba njo inazuia mufupa isikimbie mbele. Kuja sasa ushike ya bwana yako."

Mume wangu alikuwa ameketi, goti amelikunja, wayo chini. Nikamshika chini ya goti kwa mikono miwili, nikavuta. Mfupa ukanijia, sawa na ule wa mbuzi. Nikashika mguu wa pili: imara. Nikarudia ule mbovu mara mbili zaidi, maana bado nilikuwa natafuta uongo. Kisha aibu ikanishika mpaka masikio.

Kaka zangu walikula nyama, wakarudi kwao bila mimi. Walipokwisha kuondoka nikamuuliza mume wangu kwa nini hakuniambia kwamba anashuka kinyumenyume kwa sababu ya maumivu.

"Nilikuona mu migomba, mama ya batoto," akasema. "Nikawaza: sasa ameona yeye mwenyewe."