Mjomba Nje ya Turubai

Kwa miaka mingi niliendesha mashine ya kusaga pale Lembeni, masikio wazi. Jioni moja niliizima, mlio ukabaki kichwani, mwembamba kama wa nyenje. Nilidhani nikilala utaisha. Haukuisha. Daktari wa Same aliniambia huenda nitaishi nao, ila usikivu uliobaki niulinde: nikae mbali na kelele, na nikishindwa, nivae vizibo vya masikio.

"Lakini usivivae penye ukimya," alionya. "Utausikia mlio peke yake."

Nikaacha kazi, nikapanda kurudi kwetu Mhezi. Huko ukimya ni mwingi. Tangu mke wangu afariki, nyumbani hakuna wa kuuvunja.

Kisha ikaja sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu kabla ya harusi. Mjomba hukaa meza kuu, na chini ya turubai spika walikuwa wamezipanga nyuma ya kiti changu. Nikaingiza vizibo vyangu vya sponji. Hata hivyo muziki ulinipiga kifuani, na mlio ukapanda.

Dada akaniinamia. "Kaka, toa hivyo vitu. Watu wanaona hutaki kuwasikiliza."

"Nikitoa nitaumia."

"Siku moja tu, kaka!"

Ningemwonyesha nini? Sina kidonda wala bandeji. Nilipoitwa nilitoa wosia wangu kwa bibi harusi, nikaona watu wakipiga makofi, kisha badala ya kurudi kitini nikapita jikoni na kuteremka kwenye migomba. Nadhani walioniona walifikiri naenda msalani.

Nilikaa huko hadi nikamwona bibi harusi anashuka, gauni kalishika mkononi.

"Shikamoo mjomba," midomo yake ilisema.

"Marahaba mwanangu. Utachafua gauni."

Nilitoa kizibo kimoja nimsikie.

"Nimewaambia wapunguze," alisema. "Wakapunguza, wakaongeza tena. Unaumwa sana?"

"Hapa napata afadhali."

Alisimama nami kidogo. Juu wakamwita akate keki. Akanishika bega, akaenda.

Nikatoa na kizibo cha pili. Kwa umbali ule wimbo ulifika laini, ukaufunika mlio nusu, na nilijikuta nikicheza peke yangu kati ya migomba, mzee mzima ndani ya suti.

Niliwaaga wapishi, nikaenda nyumbani. Dada yangu hajaniuliza hadi leo nilikuwa wapi.