Kiu ya Anayenyonyesha

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya jua kali hapa Malava, nimekaa nyuma ya nyumba na mtoto wangu wa kwanza kifuani. Anavuta, anaachia, analia. Midomo yangu mwenyewe ilikuwa imekauka. Kukhu, yaani nyanya ya mume wangu, alituangalia, akaniuliza kama mtoto ananyonya au anabembelezwa tu.

Ngoja kwanza nikueleze mwili wangu ulivyo, maana najua unatamani kuuliza. Kabla sijaolewa niliugua utumbo mpana mpaka madaktari wakautoa wote. Wakachukua mwisho wa utumbo mwembamba, wakaukunja na kuushona uwe kifuko humo humo ndani, kishike choo. Hakuna kinachoning'inia nje. Ukinikuta sokoni huwezi kujua. Ila choo chake ni chepesi, naenda mara nyingi kuliko wengine, na maji na chumvi hunitoka upesi. Daktari alinionya ninywe sana, na nikinyonyesha nizidishe. Nilimsikia vizuri kabisa.

Shida ilikuwa choo chenyewe. Boma zima lilikuwa na kimoja, na baba mkwe alikitumia. Kwetu mke wa kijana haingii choo cha baba mkwe wake. Ni aibu kwa wote wawili. Chetu kilikuwa hakijachimbwa, mume wangu yuko kazini mbali, kwa hiyo nilivuka shamba la miwa kwenda kwa jirani. Mara moja au mbili watu hawasemi. Lakini mimi! Nikaona dawa ni kupunguza kunywa. Uji wa wimbi walioniletea akina mama waliokuja kuona mtoto, nilionja tu nikausukuma kando. Nisipokunywa siendi, nisipoenda hawaulizi. Akili za ujana hizo! Maziwa yakapungua, mtoto akaanza kuwa mwepesi mkononi. Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana. Nilidhani kile kifuko ndicho kinachomnyang'anya mtoto chakula chake.

Basi siku hiyo nikamweleza Kukhu yote. Kukhu alikuwa mtu wa kuuliza. Kwa hamu ya kujua alisahau hata kunihurumia.

"Walishona na uzi?"

"Na uzi, Kukhu."

"Na haivujangi?"

"Haivuji."

"Sasa maziwa inapitia huko kwa mfuko?"

"Hapana. Daktari alisema maziwa inatoka kwa damu."

Akalitafuna hilo. "Basi mfuko haina makosa. Wewe tangu asubuhi umekunywa nini?"

Nikamwonyesha kikombe cha asubuhi, bado kimejaa.

"Ng'ombe ukimnyima maji, utakamua nini?" Akasimama, akajifunga leso kiunoni. "Mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa, sasa unaficha nini?"

Akaenda moja kwa moja kwa baba mkwe, ambaye ni mwanawe wa kumzaa, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani: "Mke wa mjukuu wangu ako na tumbo ya kushonwa. Anaendanga choo sana. Mtoto atakosa maziwa juu ya aibu yenu?" Nilitamani kujificha ndani ya miwa.

Baba mkwe alivua koti, akachukua jembe, akazunguka kwa mbali mpaka nyuma ya jikoni yangu, akaanza kuchimba. Mzee mwenye mvi! Hakunitazama hata mara moja, kama desturi inavyotaka. Kukhu akanishikisha kikombe cha uji uliotiwa chumvi kidogo, nikanywa huku nikilia. Mpaka shimo lilipokamilika, alinisindikiza yeye mwenyewe kwa jirani, na njiani akazidi kuniuliza maswali. Maziwa yalirudi pole pole, na mtoto akanona.

Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio kilichonifichua kilikuwa cha mtoto. Ukiwa na kifuko kama changu na una mtoto wa kunyonyesha, nyonyesha. Maziwa yako ni mazuri kama ya mwingine yeyote. Kunywa kabla ya kiu, weka kikombe karibu kila unapompakata. Ukipewa dawa yoyote, uliza kwanza kama mtoto anaweza kuivumilia, maana kuuliza si ujinga. Desturi ziheshimu, lakini waambie wenye boma shida yako mapema, kwa sababu wao ndio wanaojua mahali pa kupisha. Na wewe unayekaa na mama kama huyo, usimhesabie safari zake. Mchimbie choo.

Mungu akujalie kifua kisichokauka na mtoto mzito mkononi. Akupe nyanya asiyeona haya kuuliza, na baba mkwe wa kukugeuzia mgongo akiwa na jembe mkononi.