Samaki Kando ya Mlango

Katika jumba la makumbusho hapa Buffalo nimesimama mbele ya nakshi ya Misri ya kale: samaki wa kioo cha buluu kati ya matete ya mto.

Tulipotezana na baba tukikimbia vita. Kambini, udongo wa ukuta wetu ukiwa bado mbichi, mama alipachika vipande vya chupa, akafanya samaki kando ya mlango.

“Mama, baba atajua nyumba yetu namna gani?” nilimuuliza.

“Ataona samaki. Kule kwetu si ni baba yako alimuweka ukutani, watu wakatucheka?”

Kila jioni nilikaa chini ya samaki huyo nikitazama njia.

Siku ya kuja Amerika, mama alimpangusa samaki vumbi kwa kitenge chake, akamwacha palepale.

Mlango wangu hapa ni mweupe, kama milango ya majirani. Nimenunua chupa ya buluu, bado sijaivunja.