Nyongeza ya Vikabichi

Mimi nina hasira za karibu, nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Marehemu mama yangu, aliyekuwa akiuza maharage na dagaa sokoni Tanga, alizoea kuniambia hasira hasara, nami nikimjibu kwamba hasara nyingine zina utamu wake.

Miaka ya sabini ilipoanza nilimfuata mume wangu Stockholm, alikokuwa akisomea mambo ya maji. Tulikaa Bredäng, ghorofa ya sita, nyumba safi, maji ya moto saa yoyote uyatakayo. Lakini upweke wake, acha tu! Mume akishatoka asubuhi, nabaki mimi na kuta. Kwenye lifti ukimsalimu mtu, anatazama namba za ghorofa kama vile ndizo zilizomsalimu. Ikafika mahali nikawa naongea na sufuria, na siku moja nikagombana nayo kweli kweli. Mume wangu alinikuta katikati ya ugomvi. Siku ile ile akakubali nitafute kazi.

Nikaipata Skärholmen, kituo cha pili kutoka kwetu kwa treni ya chini ya ardhi, katika duka la vyakula vilivyogandishwa. Kampuni ilikuwa na maduka kadhaa ya namna hiyo, yakisifika kwa bei ya chini. Friza kwa friza: samaki, kuku, njegere, mpaka keki, vyote vigumu kama mawe. Niliwekwa kwenye kaunta ya malipo kwa majaribio, na Kiswidi changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji.

Mshahara sikuukataa, ila kilichonitoa Bredäng nikiimba kila asubuhi ni watu. Walisimama mbele yangu, wakanitazama usoni, wakasema asante. Wengine walitabasamu. Nilikuwa narudi nyumbani nikimhesabia mume wangu tabasamu za siku hiyo, naye ananicheka kwamba ameoa mwanamke wa kuokota vitu vya bure.

Miezi mitatu haikuisha, mabadiliko yakaja. Meneja wetu, bwana mrefu asiyepandisha sauti hata ukimkanyaga, alitueleza kwamba duka litafungwa kwa muda. Friza za zamani zenye vifuniko zitatolewa, ziletwe mpya ndefu zilizo wazi, mtu ajichotee mwenyewe. Kwa hiyo kila kitu kilichomo kiuzwe kwa bei ya kutupa, na Jumamosi jioni friza ziwe tupu. Kisha akanigeukia akasema kwamba mimi, kwa kuwa ni wa majaribio, ataniambia Jumamosi hiyo hiyo kama nabaki au naenda. Niliiona ile sufuria inanisubiri.

Waswidi huliita rea, hilo zoezi la kushusha bei. Watu walikuja mpaka nikauliza kama Farsta, upande wa pili wa mji, nako kumebaki mtu. Wanawake wenye makoti ya heshima walizama kwenye friza mpaka kiunoni. Siku ya kwanza kuku waliisha, ya pili samaki. Kufika Jumatano kilichobaki ni vikabichi, vile vidogo saizi ya ndimu, pakiti juu ya pakiti, friza mbili zimejaa. Hakuna aliyevigusa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nikaona hivi lazima vitembezwe.

Nikafanya alivyofanya mama yangu maisha yake yote. Mteja akishalipa, mimi natumbukiza mkono kwenye friza iliyokuwa nyuma yangu, natoa pakiti ya vikabichi, naitia kwenye mfuko wake. Nyongeza! Neno lake kwa Kiswidi sikulijua, basi nikawa natabasamu tu na kuusukuma mfuko. Wengi walikuwa na haraka, hawakuona. Alhamisi jioni friza moja ilikuwa nyeupe mpaka chini, na mimi nilijisifu moyoni kwamba kama kuna mtu wa kubaki, ni mimi.

Ijumaa asubuhi tulimkuta bibi mmoja mlangoni kabla hatujafungua. Kofia ya buluu, miwani, mkononi kitu alichokizungushia magazeti. Aliomba kuonana na meneja. Akafungua magazeti yake taratibu, ndani mna pakiti ya vikabichi. Alisema ameikuta kwenye mfuko wake na hakuilipia, usiku mzima hakulala vizuri, amekuja kuirudisha.

Kurudisha nyongeza! Kwetu hata adui yako hakufanyii hivyo. Damu ilinipanda mpaka masikioni.

Meneja aliniuliza polepole kama nilikosea. Sasa hapo mlango ulikuwa wazi: ningesema ndiyo, nilikosea, yangeisha. Mume wangu alinilaumu baadaye kwa kutoupita. Lakini uongo na hasira havikai kwangu chumba kimoja.

Nikasema, “Sikukosea. Nilimpa.”

Meneja akataka kujua ni nani aliyeniruhusu kugawa mali ya duka, na kama ni bibi huyo peke yake niliyempa. Nikamwambia ni wote tangu juzi. Bwana yule akakaa kwenye kreti. Nami kwa Kiswidi changu cha vipande vipande, mikono ikinisaidia, nikaeleza soko la Tanga na mama yangu na mizani yake. Nikamalizia hivi: “Kwetu, muuzaji asiyekuongeza chochote amekwambia usirudi tena.”

Bibi aliyakunja magazeti yake, akayakunja tena. Kisha akamwambia meneja, si mimi, “Nanunua hapa tangu duka lilipofunguliwa. Hakuna aliyewahi kuniambia nirudi.”

Akaichukua pakiti yake akaenda zake.

Meneja aliingia ofisini akafunga mlango, na siku nzima hakunisemesha. Usiku ule nililia, sifichi. Mume wangu alinibembeleza, kisha akashindwa kujizuia: ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho, mama, wewe umekwenda kuwafumbua wao. Nikamtupia mto.

Jumamosi nilifika nikiwa nimejiandaa kurudisha koti la kazi. Kwenye friza ya vikabichi nikakuta kibao, mwandiko wa meneja mwenyewe, herufi zimesimama mstari mmoja: kila mteja, pakiti moja bure, moja tu, mpaka ziishe. Jamani! Amekwenda kuitungia sheria. Nyongeza ya tangazo si nyongeza, ni posho, na ilibidi niume ulimi nisimwambie. Lakini saa sita mchana hapakuwa na hata kikabichi kimoja, na kuna waliouliza kama vipo vingine.

Jioni aliniita. Alisema nabaki, ila siku nyingine niulize kwanza. Nilimkumbatia. Alisimama wima kama nguzo ya taa mpaka nilipomwachia.

Duka jipya lilipofunguliwa, friza zilikuwa kule nyuma kabisa, na kaunta yangu imewekwa huku mlangoni, hatua zisizopungua ishirini. Hilo lilikuwa la makusudi, nina hakika, wala sikumlaumu.

Asubuhi ile ile yule bibi akaja. Alinunua njegere, akalipa, akazitia mfukoni. Halafu hakuondoka. Alisimama tu, mikono juu ya kaunta, akinitazama, na nyuma yake foleni inarefuka. Nikaelewa. Nikapapasa chini ya kaunta, hapana kitu. Sikuwa na hata ndimu ya kumwongezea.

Basi nikamuuliza alivyoamka.

Akaniambia. Alianza na goti, akaja kwa dada yake aliye kaskazini asiyeandika barua, akaeleza redio yake inavyokoroma, na mimi naitikia, ehe, ehe, kama tuko kibarazani. Bwana aliyekuwa nyuma yake aliweka kikapu chake chini.

Kesho yake bibi alirudi. Hakuwa na cha kununua.