Mafuta ya Chini ya Tangi

Mimi hasira zangu ziko karibu, na karatasi ya serikali ndiyo iliyokuwa ikiziwasha kila Jumatatu. Nilikuwa meneja wa kituo cha mafuta Kisugu, Mkenya mwenye kibali cha kazi ugenini, na sheria ilinitaka niieleze wizara nina mafuta kiasi gani. Unatumbukiza fimbo ya kupimia ndani ya tangi, unasoma palipolowa, unaandika. Lakini bomba la pampu halifiki chini kabisa. Kule chini hubaki mafuta yaliyochanganyika na maji na matope, hayavutiki wala hayauziki. Karatasi haikuwa na nafasi ya kueleza hayo. Iliuliza tu yamo kiasi gani.

Msimu ule malori yalikwama mpakani, mji mzima ukakauka. Nikaandika kweli tupu. Kesho yake akaja afande wa polisi, mteja wangu wa siku zote, mtu wa kaskazini, nakala ya karatasi yangu mkononi, na nyuma yake foleni ya watu wenye madumu.

"Mama, mafuta iko. Wewe mwenyewe naandika iko."

"Iko, afande, lakini haitoki!"

"Unaficha. Wewe nangoja bei ipande."

Loo! Nikawasha pampu mbele ya macho yake. Ikakohoa hewa. Foleni ikapiga kelele kwamba nimefunga kwa ndani. Mgeni kama mimi akishikwa kwa kuficha mafuta, au kwa kuidanganya wizara, anarudishwa kwao kupitia mpaka wa Busia, na wanangu walikuwa darasani Makindye saa ileile. Niliogopa, sitaki kujifanya jasiri. Tukashusha kopo kwa kamba, likapanda na uji wa kahawia. Afande akanusa, akakunja uso.

"Pole, mama," akasema. "Wiki ingine andika hakuna. Hata mimi nitapumzika."

Kwetu tunasema njia ya mwongo ni fupi. Sasa ya mkweli, jamani, ilikuwa imenifikisha wapi? Jumatatu nikaandika hakuna.

Safari hii akaja mkaguzi wa wizara na fimbo yake mwenyewe, na afande yuleyule kando yake. Nikaanza kueleza habari ya bomba.

"Umeandika hakuna," mkaguzi akanikatiza, akatumbukiza fimbo.

Nilimtazama afande. Alikuwa anatazama viatu vyake. Fimbo ikatoka imelowa ncha, nami nikamnyooshea afande mikono yangu kabla hajaambiwa atoe pingu.