Kibuyu cha Mchanga

Kutengeneza mwanasesere wa kibuyu nilijifunza kwa sababu mama yangu alikatazwa kulia.

Siku hizi mjukuu wangu huletewa mwanasesere wa plastiki ambaye mkono wake unang'oka kabla jua halijazama. Huja kwangu amenuna, nami namwambia ukweli: hicho si kitu, ni takataka yenye macho. Kisha natafuta kibuyu, tunakaa chini, tunatengeneza wetu. Ndani natia kunde chache zichezecheze. Mchanga sitii kamwe.

Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, mama alipojifungua mapacha, mvulana na msichana. Majina ya mapacha kwetu kila mtu anayajua, sina haja ya kuyaandika. Tuliishi kijijini upande wa Kahama. Baba aliwaona, kisha akarudi Geita kuchimba dhahabu ya watu, na nyumbani tulibaki mama, bibi mzaa baba, mimi na wale wachanga. Walipoanza tu kucheka, homa ikamchukua yule wa kike. Asubuhi alinyonya, jioni hakuwepo.

Mama alipofungua kinywa, bibi alimziba kwa kiganja. Sisemi kwa mfano, nilimwona kwa macho yangu.

"Pacha haliliwi," alisema. "Huyu aliyebaki akisikia atamfuata mwenzake. Utalia atakapotembea kwa miguu yake."

Nilimchukia bibi siku ile. Lakini mama aliamini, na mimi niliamini, basi nyumba nzima ikanyamaza.

Baada ya maziko mama alinituma darini, jikoni. "Lete kile kibuyu kikubwa, chenye shingo." Tukakaa uani. Mimi nilitia maji na vijiwe, nikakitikisa mpaka mbegu na utando vikatoka. Yeye alikikwangua nje kwa kigae mpaka kikalainika. Kilipokauka, akanituma korongoni nikalete mchanga.

Nilimimina konzi ya kwanza. Mama akakipakata kibuyu, akafumba macho.

"Bado," alisema.

Nikatia nyingine, kisha nyingine, nikimtazama usoni. Bado, bado. Alikuwa amekilaza kwenye mkono wa kushoto, uliokuwa wa kumbebea yule wa kike. Wa kulia ulikuwa wa kaka yangu, pacha aliyebaki. Mwishowe ule mkono ukashuka kidogo, mama akashusha pumzi.

"Hapo."

Akaziba mdomo wa kibuyu kwa nta. Tukakizungushia pamba ya shambani kwetu, tukakivika kipande cha kaniki, nami nikakitungia shanga za shingoni. Nilitaka kuchora macho, bibi akakataa.

"Mayu, nimbebe?" nilimwuliza mama, maana sikuwahi kuwa na mwanasesere mzuri kama yule.

"Mbebe. Shingo uishike vizuri."

Alivyosema vile, nikaelewa kwamba hatukuwa tumetengeneza kitu cha kuchezea.

Kibuyu kililala kitandani ubavuni mwa kaka. Mama alipomnyonyesha mmoja, mwingine alimgusisha kwenye titi la pili. Uji ulipoanza, kijiko kilikwenda kwa kaka, kisha kikagusa kaniki. Na kila kaka alipoongezeka mwili, mama alikwangua nta na kuniita. "Konzi moja," alisema. "Naye anakua." Ilikuwa kazi yetu sisi wawili, na nilikuwa najivunia. Kaka akishikwa na homa, bibi hakuondoka mlangoni, na mama alikaa na macho makavu, mekundu, akizikodolea mbavu za yule mtoto jinsi zinavyopanda na kushuka. Sijawahi kuona tena mtu akijizuia vile, wala sitaki kuona.

Habari za msiba hazikumfikia baba. Nani angemwandikia? Kusoma hatukujua, na aliyeweza kutuandikia alikuwa mbali. Alirudi na lori mchana mmoja, na mfukoni alikuwa na kofia mbili za sufu, nyekundu, ndogo kama ngumi.

"Shikamoo, mama," alimwambia bibi.

"Marahaba, mwanangu," bibi aliitikia.

Baba aliingia ndani moja kwa moja. Akamvisha kaka kofia yake. Akamwinua wa pili, akampimapima mikononi, akacheka.

"Huyu mzito kumshinda mwenzake!"

Kisha akafunua kaniki.

"Usilie, baba watoto," mama alisema. "Anasikia."

Baba aliirudisha ile kaniki. Alikivika kibuyu ile kofia ya pili, akaivuta ikae sawa, akakirudisha kitandani polepole. Halafu akatoka kwenda kupasua kuni, na kuni tulikuwa nazo tele.

Kaka alichelewa kutembea, utadhani alijua tunachomngojea. Kusimama alijifunza kwa kukishikilia kibuyu, maana kwa uzito ule hakikuanguka. Asubuhi moja, tukipura mtama, alikiachia. Akayumba, akapiga hatua, akafika mpaka magotini kwa bibi.

Bibi alipiga vigelegele, majirani wakaja mbio. Kisha akamgeukia mama.

"Sasa lia, mwanangu. Nimekufungulia."

Mama alijaribu. Uso ulijikunja, machozi hayakuja. Akatutazama mmoja mmoja kwa aibu, kama mgeni anayeona haya kuuliza choo kiko wapi. Nilimwonea huruma.

"Nipe mwenzake," aliniambia.

Nilimpelekea. Akakivua kofia, akakwangua nta, akakiinamisha palepale uani. Mchanga ulitoka kwa muda mrefu, konzi zangu zote. Kaka akaja akaukanyaga, akacheka. Ulipokwisha, mama alikilaza kibuyu kwenye mkono wa kushoto, na ule mkono, kwa kuzoea uzito, ukapanda juu wenyewe.

"Mbona mwepesi hivi?" alisema. "Mwanangu, mbona mwepesi hivi?"

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti mpaka ng'ombe wakarudi, na bibi hakumziba mdomo.